Naomba Nesi Mwanaidi Akamatwe

Afande Mkuu wa Kituo,

Umenipa karatasi nne niandike maelezo yangu. Umesema nieleze kwa nini niliishusha picha ya Mtukufu kutoka mahali pake pa heshima nikaitia majini. Nitaeleza yote, sitaficha kitu. Ila kabla ya yote nina ombi moja, nalo nimelipigia mstari mara mbili: mkamkamate Nesi Mwanaidi binti Shomvi, leo hii, kabla ya adhuhuri. Yuko juu ya paa la Zahanati ya Kidimbwini, maji yamemzunguka pande zote, na leo ni siku ya tatu.

Wewe huhitaji kuambiwa kwa nini naomba akamatwe badala ya kuomba aokolewe. Wewe ni mtu wa nchi hii. Lakini makaratasi husafiri. Huenda haya yakamfikia mtu wa nchi nyingine, kule ambako nasikia watu huokolewa hivi hivi tu bila kuwa na kosa lolote, naye akadhani nina kisa na mwanamke wa watu. Kwa ajili ya mtu huyo niruhusu nianzie mbali kidogo.

Jina langu ni Kibwana Mzuzuri, Afisa Kimo Daraja la Pili. Kazi yangu kwa miaka ishirini na miwili imekuwa kuhakikisha kwamba picha ya Mtukufu katika majengo ya umma ya Kidimbwini inaning'inia kwenye kimo kilichowekwa na sheria. Nina nyundo, utepe wa kupimia, pimamaji na kitambaa laini cha kupangusia uso. Ngazi sina, ngazi iko wilayani, moja kwa kata zote nne, na huombwa kwa fomu. Picha yangu haijawahi kupinda, afande. Muulize yeyote.

*

Zamani mvua zetu zilikuwa na adabu. Zilibisha hodi mwezi wa tatu, zikaaga mwezi wa tano. Miaka saba iliyopita zikaanza kuja kama watu wanaodai haki yao, na mto ukaingia zahanati mpaka magotini. Nesi Mwanaidi alizalisha akina mama wawili siku hiyo akiwa amesimama majini, kanga ameifunga kiunoni. Kesho yake akaandika barua wilayani. Ilikuwa barua ya mistari mitatu, bila hata kuitakia Jamhuri ustawi: inueni sakafu mita moja na nusu, au jengeni ghorofa, la sivyo mwakani tutazika watu.

Serikali haikulala. Iliunda Wizara ya Kukabili Hali ya Hewa, na wizara ikamleta Kidimbwini Kamishna wa Kimo cha Taifa, Dakta Kisendi, akiwa amevaa mabuti ya mpira ambayo karatasi ya dukani ilikuwa bado imening'inia.

"Ndugu wananchi!" alisema, sisi tukiwa tumesimama majini. "Hali ya hewa imebadilika. Na serikali yenu nayo imebadilika! Maji yamepanda? Sisi tutapanda zaidi! Hatutakubali, narudia, hatutakubali taifa hili lichezewe na wingu!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi ya wote, maji yakaniruka usoni.

Kisha akausoma Mpango. Mpango ulikuwa na awamu mbili. Awamu ya kwanza, kuinua picha. Awamu ya pili, kuinua sakafu. Na mvua ikinyesha kabla awamu zote mbili hazijakamilika, Mpango utahesabiwa umevurugwa, na utaanza upya na awamu ya kwanza.

Nesi akanyoosha mkono. "Dakta, kwa nini picha ndiyo itangulie?"

Dakta Kisendi akamtazama kwa huruma kabisa. "Mama yangu," akasema, "picha ikilowa haikauki. Wewe ukilowa unakauka."

Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari langu. Niliona ni busara kubwa, nikajisikia vizuri kwamba nchi ina watu wa namna ile.

Siku hiyo hiyo ukatolewa Mwongozo. Kila wilaya ilikuwa inapima mafuriko kivyake: huku wanasema yamefika kwenye vifundo, kule wanasema yamefika kwenye mbuzi. Serikali ikatafuta kitu kimoja kilichomo katika kila jengo la umma, kitu cha kupimia kisicho na ubishi. Basi kifungu cha tatu kikasema: mafuriko ni maji yaliyofika kwenye ukingo wa chini wa picha ya Mtukufu. Maji yasiyofika hapo ni unyevu.

*

Niliinua picha mita moja. Ilinichukua siku tisa, kwa sababu ya fomu ya ngazi, na kwa sababu mpandaji lazima avue viatu na asigeuze mgongo. Nilipokuwa nateremka mvua zikaanza tena. Awamu ya pili ikavurugika. Mwaka uliofuata tukaanza na awamu ya kwanza.

Ndivyo ilivyokwenda. Kila mwaka picha ilipanda, na kila mwaka sakafu ya Nesi ilibaki palepale, ingawa tope liliongezeka inchi moja au mbili, kwa hiyo siwezi kusema haikuinuka kabisa. Mwaka wa nne picha ilifika darini. Mwaka wa tano tulitoboa dari, tukatoboa mabati, tukajenga kibanda juu ya paa.

Lo, kile kibanda! Nguzo nne za zege zilizoshuka mpaka kwenye mwamba, zikipita katikati ya wodi. Moja ilipita pale kilipokuwa kitanda namba tatu, ikabidi kitanda namba tatu kiondolewe. Mlango wa chuma, kioo mbele, kizingiti kirefu cha kuzuia maji, umeme wa jua. Ndani mtu anaweza kuketi akanyoosha miguu. Ufunguo mmoja tu, nao ulikuwa shingoni mwangu. Kama kuna jengo katika Jamhuri hii lililotengenezwa likajua mvua ni kitu gani, ni kile kibanda.

Mwaka huo maji yaliingia wodini mpaka kifuani. Mwanamke mmoja na mapacha wake hawakutoka. Taarifa ya taifa ikasema: Kidimbwini, mafuriko sifuri, unyevu wa wastani. Dakta Kisendi akavishwa nishani. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kujifunza, wakapiga picha za kibanda, wakazipima zile nguzo, wakatingisha vichwa kwa kustaajabu. Nami nilisimama pembeni na pimamaji yangu, najiona mtu.

Halafu kikaja kiangazi ambacho hakikuwa na mwisho. Mabati ya wodi yalichemka mpaka akina mama wakawa wanajipepea kwa kadi zao za kliniki. Na shavu la kushoto la Mtukufu likaanza kubanduka rangi kwa joto. Niliandika wilayani siku hiyo hiyo. Jibu lilikuja kabla ya jioni, sijawahi kuona jibu likija upesi vile: feni ya wodini ihamishiwe kibandani.

Niliihamisha kwa mikono yangu. Nesi alikuwa na mama mwenye uchungu tangu jana yake, na homa juu.

"Kibwana," akaniambia, "unamnyang'anya huyu feni ukampepee mtu wa karatasi?"

Nilimwambia achunge ulimi wake. Andika, afande, kwamba nalijutia neno hilo. Nalijutia kuliko kosa lolote mnaloniuliza.

*

Sasa nakuja kwa mwanangu. Siwema ni mtoto wangu wa pekee. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano. Mwezi uliopita alirudi kwangu kujifungua mimba yake ya kwanza. Alipoiona wodi, ukuta una mistari ya tope ya miaka yote saba, mmoja juu ya mwenzake, akaniuliza: "Baba, na mimi nitazalia hapa?"

"Usijali," nikamwambia. "Mpango uko awamu ya kwanza."

Jumatatu hii, jua lilipochomoza, Siwema alijifungua mtoto wa kiume. Nilimsikia akilia nikiwa barazani, nikashukuru Mungu, nikaenda kuiangalia picha kama kawaida. Ngazi nilikuwa nayo wiki hiyo kwa ukaguzi. Milimani mvua ilikuwa imenyesha siku sita bila kupumzika. Saa tatu maji yakaingia mlangoni. Saa nne yalikuwa kwenye magodoro.

Mle ndani kulikuwa na Siwema na mtoto wake, na akina mama wawili wanaongojea siku zao, Asnati na Mwanaharusi. Nesi aliwapandisha juu ya meza. Maji yakapanda mezani. Akanigeukia.

"Kibwana, lete ngazi. Tunapanda kwenye paa."

Afande, nitasema ukweli hata kama unaniumbua. Sheria ya Kimo inasema mguu wa raia usiwe juu ya kichwa cha Mtukufu. Nikatoa utepe. Nikapanda peke yangu kwanza, nikapima kutoka kwenye bati mpaka ukingo wa picha, nikateremka, nikawaambia inaruhusiwa, imebaki sentimita themanini. Dakika nne nilizitumia kupima. Mwanangu alikuwa amesimama majini, damu bado inamtoka, amemwinua mtoto juu ya kichwa chake.

Basi tukapanda. Mabati yalikuwa yanateleza na mvua inachapa. Nesi alikivua kitambaa chake cheupe cha kichwani akamfunika mtoto, nacho kikalowa mara moja. Na pale katikati ya paa, nyuma ya kioo, Mtukufu alikuwa mkavu, anapepewa na feni.

Nikapiga simu wilayani. Akapokea kijana mmoja mwenye sauti nzuri.

"Kidimbwini hapa," nikasema. "Maji yamefika kwenye paa!"

"Pole sana, mzee wangu. Yamefika kwenye picha?"

"Bado. Picha iko juu zaidi."

"Alhamdulillahi! Basi Kidimbwini hakuna mafuriko. Hongereni sana, Dakta atafurahi."

"Tuletee boti! Kuna mtoto wa saa nne!"

"Boti zipo, mzee, sita, zina mafuta na kila kitu. Zinasubiri mafuriko."

Akakata. Nilisimama pale nikiwa na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili nilielewa kazi yangu ilikuwa nini. Miaka yote saba nilikuwa nayafukuza mafuriko kwenye vitabu, mita moja baada ya nyingine, nikiyaacha kwa watu.

"Baba," Siwema akasema, meno yanagongana, "ufunguo si unao?"

Ninao, nikamwambia.

"Sasa?"

Nesi ndiye aliyeona njia, si mimi. Alisema taratibu, kama anavyomwambia mama asukume. "Kama maji hayaendi kwenye picha, Kibwana, tuipeleke picha kwenye maji."

*

Niliinama nivue viatu. Viatu vilikuwa vimeshachukuliwa na mto. Nikafungua kile kibanda.

Picha ni nzito, afande, fremu yake ni ya mninga na imepakwa rangi ya dhahabu. Peke yangu nisingeweza. Nesi alishika upande mmoja, mimi upande mwingine. Yeye na mimi, hakuna mtu mwingine. Tukaitoa, tukawaingiza Siwema na mtoto mle ndani mahali pakavu, Nesi akamvua mtoto kile kitambaa kilicholowa, nikaizima feni. Kisha tukaiburuta picha mpaka mwisho wa bati, tukauchovya ukingo wa chini majini. Mtukufu alikuwa akinitazama. Nikapiga simu.

"Maji yamefika kwenye picha."

Upande wa pili kiti kikaanguka. Kisha nikasikia king'ora, na kingine, na kelele za watu wanaokimbia kwenye ngazi. Dakika kumi na nane tu, boti ikatokea. Sikujua kwamba zina mwendo ule.

Ilikuja moja, kwa kuwa picha ni moja. Wewe mwenyewe, afande, ulikaa mbele. Mliipokea picha kwa mikono sita, mkaifunga blanketi la sufu, blanketi jipya la kijivu, mkailaza katikati ya boti chali. Ndipo nikaanza kumteremsha Siwema.

"Subiri," ukasema. "Mimi nimetumwa picha, na mtu aliyeishusha. Raia wengine hawamo kwenye karatasi yangu."

"Niliishusha mimi," nikasema.

"Wewe una nafasi. Mtuhumiwa hapotezwi. Nani mwingine aliigusa?"

Halafu Siwema, ambaye hata kuitazama hakuitazama, akasema kwa nguvu: "Mimi niliigusa."

"Na mimi," akasema Asnati, ameshika tumbo.

"Mimi niliipiga teke!" akasema Mwanaharusi. Masikini, alitaka kuhakikisha.

Uliandika majina yao yote kwa mwandiko mzuri. Nafasi zilikuwa tano. Nne zikajaa. Kisha ukamtazama mtoto.

"Huyu hana jina. Siwezi kumwandika. Asiyeandikwa ni mzigo, na mizigo hairuhusiwi."

Kwetu mtoto hupewa jina siku ya saba, akinyolewa nywele, jamaa wamekusanyika. Nilimgeukia Nesi Mwanaidi, sijui kwa nini. Nikamuuliza baba yake aliitwa nani, ingawa nilijua.

"Shomvi," akasema.

"Andika Shomvi," nikakuambia. "Shomvi aliigusa picha."

Ukaandika. Ukasema mtuhumiwa akishaandikwa lazima awe na nafasi yake, hata akibebwa na mama yake, kwa kuwa hesabu ni hesabu. Hiyo ikawa ya tano.

Ndipo ukamuuliza yeye. "Na wewe, Nesi?"

Alikuwa amesimama kwenye bati, mikono ameiweka nyuma. Wewe uliiona sura yake. Mimi niliiona mikono. Viganja vyote viwili vilikuwa na rangi ya dhahabu ya fremu, mpaka kwenye vidole. Alizitazama nafasi. Alimtazama Siwema.

"Mimi sikuigusa," akasema.

Ukamuuliza mara ya pili. Akasema, "Sikuigusa, afande. Mimi nilikuwa nahudumia wagonjwa."

Ukaandika: hana kosa. Na asiye na kosa tukamwacha pale.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimekwishapakata mjukuu wangu, na boti ilikuwa na nafasi tano, nikanyamaza. Nilichofanya ni kumrushia ufunguo. Aliudaka kwa mkono mmoja.

*

Saa tisa alasiri ilitangazwa redioni kwamba picha iko salama na mafuriko ya Kidimbwini yamekwisha. Toka hapo kila ninayemwomba boti ananijibu vizuri sana kwamba boti hazitoki bila mafuriko. Na sasa Kidimbwini haina picha, afande, kwa hiyo haina kimo, kwa hiyo maji hayawezi kufika popote. Yatapanda yanavyotaka. Nasikia Dakta Kisendi ameagiza nguzo ndefu zaidi.

Hapa mahabusu ni pazuri, sina lawama. Pako kilimani, sakafu iko juu, paa halivuji. Nyuma ya ukuta namsikia Shomvi akilia, naye Siwema akimbembeleza. Kwenye dirisha, ukisimama juu ya ndoo, unakiona kibanda kule chini katikati ya maji. Jumanne asubuhi palikuwa na kitambaa cheupe kinapungwa. Jumanne jioni pia, ila polepole. Leo nimepanda juu ya ndoo mara kwa mara tangu kulipopambazuka na maji yapo kwenye kizingiti. Kitambaa sijakiona.

Kwa hiyo nasema, na ninaapa: Nesi Mwanaidi alisema uongo mbele ya afisa wa polisi. Aliigusa picha. Aliibeba nusu nzima, ndiye aliyetoa shauri, na mwaka juzi alimwita Mtukufu mtu wa karatasi, nami nikaficha. Ana makosa manne yanayojulikana, na mengine nitayakumbuka nikipewa karatasi ya tano. Ni mhalifu mkubwa kuliko sisi sote, hafai kuachwa huru hata saa moja. Ushahidi uko viganjani mwake, na mvua inauosha, basi fanyeni haraka. Kama nafasi ni tatizo, nirudisheni mimi pale, mchukueni yeye.

Na mkienda kumkamata, nakuomba kwa unyenyekevu, chukueni lile blanketi. Nimepita ofisini kwako leo nikaiona picha ukutani. Imeshakauka.